Nyota tatu na nusu kwa sheria ya upangaji ya jimbo la Washington

Bidhaa ninayoipima hapa haina boksi wala risiti, lakini kila anayepanga nyumba katika jimbo la Washington anayo, awe anajua au hajui. Ni sheria ya nyumba za kupanga, sura ya 59.18 ya sheria za jimbo, iliyotungwa mwaka 1973 na kufanyiwa marekebisho mazito kuanzia 2018 mpaka yale ya Mei 2025 yaliyoweka kikomo cha kupandisha kodi. Nazungumzia Washington ya Seattle na manyunyu yasiyokatika, siyo mji wenye Ikulu ya Marekani.

Naandika kama mtumiaji. Napanga Kent, kusini mwa Seattle. Kabla ya hapo nilipanga Tukwila, na kabla ya hapo Sinza, Dar es Salaam. Sheria sikusomea. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, zamu za usiku. Ila kwa kuwa Kiingereza cha karatasi hakinitishi, mtu yeyote kwenye jengo letu akikuta bahasha imebandikwa mlangoni, jioni hiyo nagongewa. Wanakuja Wakongo, Wakenya, Wabarawa, na sisi Watanzania tunaohesabika. Kwa hiyo sheria hii nimeiona ikifanya kazi mikononi mwa watu wengi, na nimeiona ikilala usingizi pia.

Nitoe hukumu mapema ili mwenye haraka aende zake. Kama unatafuta kitu cha kukupunguzia kodi, hiki siyo. Kinachopatikana humu ni muda: siku za kujipanga, siku za kujibu, siku za kudai. Kwa upande huo ni bidhaa imara kuliko nyingi nilizosikia kutoka majimbo mengine. Upande wa bei ni dhaifu, na kuna matundu mawili matatu ambayo lazima uyajue kabla hujaingia.

Tuanze na hiyo ya 2025 kwa sababu ndiyo iliyopigiwa kelele. Gavana Bob Ferguson aliisaini tarehe 7 Mei 2025 na ikaanza kutumika siku hiyohiyo. Kabla yake jimbo halikuwa na kikomo chochote, na tangu mwaka 1981 hata miji yenyewe ilikatazwa kujiwekea kikomo chake. Mwaka 2024 muswada wa namna hii ulipita bunge la chini ukafia Seneti. Safari hii walivutana mpaka siku za mwisho za kikao, wabunge wakishikilia asilimia 7, Seneti ikitaka zaidi, hadi kamati ya pamoja ikakata shauri: ndani ya miezi 12 kodi isipande zaidi ya asilimia 7 ukijumlisha na mfumuko wa bei, au asilimia 10, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Na katika miezi 12 ya mwanzo tangu uhamie, isipande kabisa. Idara ya Biashara ya jimbo ndiyo inayotangaza namba ya kila mwaka. Ya 2026 ni asilimia 9.683.

Sasa shika kalamu. Chukua apatimenti ya dola 1,800, ambayo kwa huku kwetu si ya kifahari, ni vyumba viwili na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Asilimia 10 ni dola 180. Mwaka unaofuata asilimia 10 inapigwa juu ya 1,980. Mwenye nyumba akikaza hivyo mwaka hadi mwaka, mwaka wa tano unakuta kodi inakaribia dola 2,900, na kama miaka hiyo yote kikomo kimefika kumi, hajavunja sheria hata siku moja. Mshahara wa mtunza wazee haupandi hivyo. Dada mmoja ninayefanya naye kazi aliposikia redioni kwamba serikali imedhibiti kodi, alifurahi akadhani imegandishwa. Nilipomwonyesha hesabu kwenye simu alinyamaza, kisha akauliza kama huo udhibiti umewekwa kwa ajili ya mpangaji au kwa ajili ya benki.

Hata hivyo siwezi kukibeza kikomo hiki, kwa sababu nimeona kilichokuwapo kabla. Nimeona notisi za asilimia 25 na zaidi, za watu waliokuwa na watoto shule ya jirani. Wakati ule kulikuwa na njia moja tu: unalipa au unahama.

Tundu la kwanza liko hapahapa. Kikomo hakigusi jengo ambalo hati yake ya kwanza ya kuruhusu watu kuishi haijatimiza miaka 12. Hakigusi pia nyumba za mamlaka za umma na za mashirika yasiyo ya faida, wala jengo dogo la familia mbili mpaka nne ambalo mwenyewe anaishi humohumo. Mama mmoja wa Bukavu, anayeishi kwenye lile jengo jipya lenye lifti na ukumbi wa mazoezi, alinijia na karatasi yake ameikunja mara nne. "Dada," akaniambia, "banasema kodi haiwezi kupita kumi kwa mia. Sasa yangu juu ya nini iko kumi na nane?" Tukaikunjua mezani. Sheria imeweka fomu maalumu ya kutangaza nyongeza: ina nafasi ya asilimia, nafasi ya dola, na chini yake mwenye nyumba anatakiwa aonyeshe kama anadai kutoguswa na kikomo, na kwa sababu ipi. Kwenye yake alama ilikuwa imewekwa pale pa jengo jipya. Sikuwa na la kumwambia kuhusu ile kumi na nane. Nilichoweza kumwonyesha ni tarehe. Hata asiyebanwa na kikomo analazimika kutoa notisi ya siku 90, na yake ilikuwa imetolewa kwa hesabu ya siku 60, kama zamani. Ofisi ya jengo lake ililazimika kuandika notisi upya, na yule mama akapata mwezi mzima wa kulipa kodi ya zamani huku akitafuta pengine. Alihamia mji wa Federal Way.

Hizo siku 90 ndizo ninazozipa nyota zote tano. (Ukiwa ndani ya mipaka ya mji wa Seattle ni 180, kwa sheria ya mji wao.) Asiyewahi kupanga Sinza hatanielewa. Mwenye nyumba wangu wa kule alikuja Jumapili baada ya misa, akakaribishwa chai, akasifia maandazi, akauliza hali ya wazazi, halafu alipokuwa anavaa viatu ndipo akasema kodi inapanda kuanzia mwezi ujao, na anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hapakuwa na karatasi. Ukikataa, dalali ana watu, na huko unakohamia unamlipa dalali mwingine kodi ya mwezi mmoja. Hatukugombana, chai ilikuwa nzuri. Ila wiki ile nilikopa kwa watu ambao sikupenda kuwakopa.

Kifungu cha matengenezo ndicho nilichokitumia zaidi, na ndicho kinachonikera zaidi. Kinasema hivi: ukikosa maji, joto au umeme, au pakiwa na hatari ya maisha, mwenye nyumba ana saa 24. Friji, jiko, oveni au bomba kubwa likiharibika, saa 72. Mengine yote, siku 10. Saa zinaanza kuhesabiwa pale anapopokea taarifa ya maandishi. Maandishi, ndugu zangu. Simu haihesabiki, kumwambia yule kijana anayefyeka majani haihesabiki, kulalamika kwenye lifti haihesabiki.

Januari moja hita ya ukutani kwa jirani yangu ilizima. Ana kichanga. Alikuwa anapiga simu ofisini, anajibiwa vizuri kabisa kwamba imeandikwa, na usiku wanalala wote kwenye chumba kimoja oveni ikiwa imeachwa wazi, jambo la hatari ambalo hakuna anayepaswa kulifanya. Niliandika ukurasa mmoja: tarehe, namba ya mlango, kilichoharibika, tangu lini, na kwamba taarifa inatolewa kwa mujibu wa kifungu cha 59.18.070. Tukaweka kipimajoto cha mtoto karibu na ukuta, tukapiga picha: nyuzi 54 za huku, yaani kama 12 za kwetu. Barua ikapelekwa ofisini kwa mkono, nakala ikaenda kwa baruapepe, na jirani akapiga picha ya barua ikiwa juu ya kaunta yao na saa ya ukutani ikionekana. Kesho yake asubuhi fundi alikuwa mlangoni.

Na hapo ndipo kero ilipo. Sheria inamtaka mwenye nyumba *aanze* kushughulikia ndani ya saa 24, haimtaki amalize. Fundi alifungua kifuniko cha hita, akamulika kwa simu, akavuta waya mmoja, akasema kifaa kitaagizwa. Akaacha hita ndogo ya kuchomeka ukutani, ile ya kupasha miguu, akaondoka. Kwa sheria ameshaanza. Kifaa kilikuja kwa muda wake. Kumalizia kunatakiwa kufanyike mapema iwezekanavyo, maneno ambayo yanavutika kama ubani uliotafunwa. Ningekuwa mbunge kule Olympia, makao makuu ya jimbo, hapo ndipo ningeanzia.

Kuna dawa ndani ya sheria kwa anayechelewa: mpangaji aliyelipa kodi yake yote anaweza kumpa mwenye nyumba makadirio ya gharama kwa maandishi, kisha kumwita fundi mwenye leseni na kuikata ile gharama kwenye kodi, ndani ya kiwango kilichowekwa. Nimeona watu wakiitaja, sijaona wengi wakithubutu. Lakini la kushika ni lile sharti: *aliyelipa kodi yake yote*. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo ukikasirika unagoma kulipa. Huku ukigoma unajiweka nje ya mlango wa sheria mwenyewe, na mwenye hita mbovu anageuka kuwa mdaiwa. Lipa, huku unaandika.

Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria hii yote imekaa juu ya daftari. Sanduku la viatu langu lina mkataba, ile orodha ya hali ya nyumba tuliyosaini siku ya kuingia, risiti, na nakala ya kila barua. Wanangu wananicheka. Orodha hiyo hasa usiipuuze: bila kuijaza na kukupa nakala, mwenye nyumba haruhusiwi kuchukua dipoziti yako, yaani pesa ya dhamana. Kwenye yangu ya Tukwila niliandika mpaka lile doa la chai lililoachwa na mtu wa kabla yangu kwenye zulia la chumbani, umbo lake kama ramani ya Pemba, na yule dada wa ofisini akatabasamu huku anasaini. Nilipohama Tukwila, hilo doa lilikuwemo kwenye madai yao. Nikawatumia picha ya saini yao.

Kwenye dipoziti nitoe nyota nne. Tangu Julai 2023 mwenye nyumba ana siku 30 za kurudisha, na kila senti anayokata lazima aifafanue na kuambatanisha ushahidi: ankara, risiti, au makadirio ya fundi. Uchakavu wa kawaida haukatwi. Kusafisha zulia hakukatwi mpaka aonyeshe limeharibika kupita matumizi ya kawaida. Akikaidi kwa makusudi, mahakama inaweza kuamuru alipe hadi mara mbili ya dipoziti. Siku 30 ni nyingi kwa mtu ambaye anaihitaji pesa hiyo kwa nyumba mpya. Zamani zilikuwa 21. Lakini hapo zamani ilikuwa inatosha waandike "usafi, dola 300" na mambo yakaishia hapo. Mimi ningechagua ushahidi kuliko haraka. Nyota niliyonyima ni kwa sababu jimbo halijaweka kikomo cha dipoziti yenyewe. California, tangu Julai 2024, wenye nyumba walio wengi hawaruhusiwi kudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja.

Kinachosaidia ni kwamba unaweza kuomba ulipe dipoziti na kodi ya mwezi wa mwisho kwa mafungu: matatu ya kila mwezi kama mkataba ni wa miezi mitatu na kuendelea, bila riba wala ada. Unaomba kwa maandishi. Hakuna ofisi hata moja iliyowahi kunitajia hili. Mimi ndiye ninayewatajia, na mara moja mhudumu wa ofisi aliniambia ningoje, akampigia bosi, kisha akarudi akisema ndiyo, inawezekana.

Sasa karatasi inayowatoa watu jasho kuliko zote: notisi ya siku 14. Mpaka mwaka 2019 ilikuwa siku 3. Watu wanaisoma kama amri ya kuhama, wanaanza kufunga masanduku, wengine wanahamia sebuleni kwa shemeji usiku uleule. Tafadhali usihame kwa sababu ya karatasi hii. Inasema lipa unachodaiwa ndani ya siku 14 au uondoke. Ukilipa chote umemaliza. Usipolipa, mwenye nyumba hana ruhusa ya kukugusa wewe wala mlango wako. Lazima aende mahakamani, na mwenye mamlaka ya kukutoa ni afisa wa sherifu mwenye amri ya hakimu, basi. Kubadilisha kitasa ni kosa. Kukukatia umeme au maji kukusukuma utoke ni kosa lenye faini ya mpaka dola 100 kwa siku. Nairobi keyateka, yaani msimamizi wa jengo, ananyofoa mlango mzima anaondoka nao begani, na majirani wanaangalia. Mkenya mmoja hapa alipoambiwa kwamba ofisi haiwezi hata kugusa kitasa, aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Na kwenye deni lenyewe kuna kinga ambayo watu wachache wanaijua. Pesa unayolipa lazima iingie kwenye kodi kwanza, kabla ya faini na ada nyingine, na ada peke yake hazitoshi kukufukuza. Nimeona taarifa za akaunti ambazo malipo ya kodi yamemezwa na ada za ucheleweshaji, ili mtu aonekane anadaiwa kodi. Ukiona hivyo, andika. Faini yenyewe hairuhusiwi ukilipa ndani ya siku tano baada ya tarehe, ila ukishapita siku ya tano wanaruhusiwa kuhesabu tangu siku ya kwanza, kwa hiyo usiifanye siku ya sita kuwa mazoea.

Halafu wakili. Mwaka 2021 Washington lilikuwa jimbo la kwanza Marekani kumpa mpangaji wa kipato cha chini wakili wa bure akishtakiwa kufukuzwa. Kipato baada ya kodi ya mapato kisizidi mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, au uwe unapata msaada wa serikali. Nimemsindikiza mtu mmoja mahakamani kule Kent. Wakili alikuwa binti mdogo mwenye mkoba wa mgongoni, alisoma makaratasi yote akiwa amesimama kwenye korido, akauliza maswali manne, akaingia na kutoka na mpango wa malipo. Mkalimani wa Kiswahili alikuwa kwenye simu, Mtanzania mwenzangu kwa lafudhi. Mteja ni wa Lubumbashi, wakawa wanaombana warudie, hakimu akasubiri. Ilifanya kazi. Lakini wakili hamfikii mtu aliyejificha. Samansi, yaani hati ya kukuita mahakamani, ikija ina tarehe ya mwisho ya kujibu kwa maandishi, na inakuhusu hata kama haina namba ya kesi. Anayeitupa kabatini akiomba Mungu anahukumiwa bila kusikilizwa, na hukumu ya kufukuzwa inamfuata kila anapoomba nyumba.

Nimeahidi matundu. La pili ni la mwaka wa kwanza. Tangu 2021 mwenye nyumba hawezi kukuondoa bila sababu inayotambuliwa na sheria: hujalipa, umevunja mkataba, anataka kuishi mwenyewe, anauza, na kadhalika. Safi. Lakini kama mkataba wako wa kwanza ni wa kati ya miezi 6 na 12, anaweza kuumaliza mwisho wa muda wake kwa notisi ya siku 60 bila kueleza chochote. Ukiunganisha na ukweli kwamba kikomo cha kodi kinamfuata mpangaji aliyemo, siyo nyumba tupu, unaona mchezo: mpangaji akitoka, bei mpya ni yoyote atakayoitaja mwenye nyumba. Sisemi wanafanya wote. Nasema mlango uko wazi, na wanaojua hesabu wanauona.

La tatu ni ada za maombi. Kila apatimenti unayoomba inakutoza ada ya kukuchunguza. Sheria inasema isizidi gharama halisi, lakini ukiomba sehemu tano unalipa tano, kwa kuchunguzwa wewe yuleyule. Ipo ripoti ya uchunguzi huo unayoweza kuinunua mwenyewe mara moja na kuionyesha kote. Sheria inamtaka mwenye nyumba aseme kama anaipokea au la, haimlazimishi aipokee. Kwa familia ya watu wazima watatu wanaofanya kazi, hapa ndipo pesa inapovuja bila mtu kuandika habari yoyote. Nyota moja, na hiyo ni ya huruma.

Niliulizwa na binamu yangu aliye Houston kama afunge safari aje huku kwa ajili ya sheria tu. Kule Texas hakuna kikomo cha kodi, na notisi ya kuondoka kwa kawaida ni siku 3 kama mkataba haukusema vinginevyo. Nilimjibu asije kwa ajili ya sheria. Kodi anayolipa yeye kwa nyumba yenye uwanja ndiyo ninayolipa mimi kwa dirisha la maegesho, na hakuna kifungu cha 59.18 kinacholeta hiyo nafuu. Lakini kama tayari uko hapa, unapanga, na una uoga wa karatasi, basi itumie hii bidhaa, umeshailipia. Tovuti ya WashingtonLawHelp ina barua za mfano za bure: ya matengenezo, ya kudai dipoziti, ya kujibu samansi. Za kwangu za mwanzo nilizinakili humo, nikabadilisha jina na tarehe. Siku hizi naziandika kwa kichwa, na kuna vijana wawili jengoni nimeanza kuwafundisha ili nilale baada ya zamu.

Mkataba wangu unaisha tarehe 31 Agosti. Wakitaka kodi mpya ianze Septemba, fomu yao lazima iwe imenifikia mwanzoni mwa Juni, ikiwa na asilimia na dola. Ikichelewa, nina barua yake tayari.